Ndege ya Kwanza ya Mtoto Ijengwe na Mtoto Mwenyewe

Katika klabu za kurusha ndege za mfano huko Uingereza na Marekani, lalamiko kubwa kwa miaka mingi sasa ni moja: vijana hawaji. Klabu hizo si changa. Chama cha Uingereza kilianza mwaka 1922, na kile cha Marekani, Academy of Model Aeronautics, mwaka 1936. Vyote viwili vilijaa vijana katika miongo yao ya mwanzo, na leo viwanja vyao vimejaa wenye mvi. Wamarekani walijaribu dawa iliyoonekana dhahiri, wakawapa walio chini ya miaka 19 uanachama bila ada, na lalamiko likabaki palepale. Huku kwetu Afrika Mashariki mchezo huu una watu wachache, lakini wanaouanzisha huingia upesi katika kosa lilelile, awe mwalimu wa klabu ya sayansi, mzazi aliyerudi kutoka Dubai na ndege ya rimoti, au marafiki wanaokutana uwanjani Jumapili asubuhi. Wanamwonyesha mtoto kilele cha mchezo kabla ya kumpa mwanzo wake. Mtoto anaitwa aje kutazama ndege iliyokwisha kuundwa, ya bei ambayo kwao hailipiki, ikirushwa na mtu mzima anayemwambia asiiguse. Ninachodai hapa ni kwamba mtoto huingia katika mchezo huu, na kubaki ndani yake, pale anapounda kindege cha bei ndogo kwa mikono yake, akakirusha siku hiyohiyo, akakiona kinaanguka, kisha akakirekebisha yeye mwenyewe mpaka kikaruka. Rimoti, injini, betri na mashindano vitakuja baadaye, na vitamkuta tayari.

Historia ya usafiri wa anga inaiunga mkono hoja hii. Agosti 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha katika bustani ya Tuileries mjini Paris kindege chenye propela iliyozungushwa na raba iliyosokotwa, kikaenda takriban mita 40 kwa sekunde 11. Pénaud huyohuyo alibuni helikopta ndogo ya kuchezea inayotumia raba vilevile. Mwaka 1878, Askofu Milton Wright wa Marekani akawaletea wanawe wadogo, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7, kitu cha kuchezea cha aina hiyo. Wengi wanaposimulia kisa hiki huishia kwenye zawadi ya baba. Jambo lenye uzito ni lililofuata. Kile kitu kilikuwa dhaifu na hakikudumu, kwa hiyo ndugu wale wakaunda vingine wenyewe, kisha wakajaribu kuunda vikubwa zaidi. Vikubwa vikagoma kuruka, nao hawakujua kwa nini. Sababu ni kwamba ukikuza vipimo vyote mara mbili, eneo la mabawa linakua mara nne, lakini uzito unakua mara nane. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa ubaoni kwa dakika moja na kusahauliwa kabla ya kengele. Mtoto aliyetumia siku nzima kuunda chombo kikubwa kikakataa kupaa haisahau, kwa sababu ameitafuta kabla ya kuambiwa. Desemba 1903 ndugu hao waliruka Kitty Hawk.

Nusu karne baada ya zawadi ile, jambo kama hilo lilitokea kwa nchi nzima. Mei 1927 Charles Lindbergh alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka New York hadi Paris, na watoto wa Marekani wakashikwa na homa ya ndege. Homa za namna hiyo hupoa. Iliyoifanya hii idumu ni bei, pamoja na kazi ya mikono. Katika miaka ya 1930, wakati uchumi umeporomoka na baba wengi hawana ajira, kampuni kama Comet ziliuza vifurushi vya senti 10 vyenye vijiti vya mti mwepesi wa balsa, karatasi laini na mchoro. Aliyenunua hakupata ndege, alipata kazi ya kuiunda. Kijana Paul MacCready alikulia katika mchezo huo hadi akawa bingwa wa rika lake, na Juni 1979 ndege aliyoibuni, Gossamer Albatross, ilivuka Mlango-Bahari wa Uingereza kwa nguvu za miguu ya rubani wake tu. Burt Rutan, aliyebuni Voyager, ndege iliyoizunguka dunia mwaka 1986 bila kutua wala kuongezewa mafuta, naye alianza kwa ndege za mfano. Msomaji makini atasema kwamba hao ni wachache waliofika juu, na kwamba maelfu walioacha gundi na vijiti hawaandikwi popote. Yuko sahihi. Majina makubwa hayathibitishi kwamba kila mtoto atakayekata bawa la manila atakuwa mhandisi, na anayewaahidi wazazi hivyo anawadanganya. Yanaonyesha jambo dogo zaidi, nalo latosha: mlango walioingilia watu hao ulikuwa wa bei nafuu, na mtoto aliweza kuufungua bila mtu mzima kumshikia kitasa.

Swali ni kwa nini mlango huo hufanya kazi. Kindege cha kurusha kwa mkono hutoa jibu ndani ya sekunde chache. Umesogeza uzito wa pua kidogo, umerusha, na kabla hujashusha pumzi umeona kama ulikosea au ulipatia. Hakuna mwalimu wa kukupa alama, hakuna wa kumbishia. Ni michezo michache inayompa mtoto nafasi ya kubahatisha, kupima na kurekebisha mara nyingi hivyo kwa asubuhi moja. Anayetazama ndege ya rimoti haipati nafasi hiyo. Anaona mashine ikizunguka hewani kwa amri za mtu mwingine, anashangilia dakika kumi za kwanza, kisha anatafuta mpira. Na huo mpira una la kutufundisha. Hakuna mtoto wa Temeke au Kibera aliyesubiri mpira wa ngozi na uwanja wenye nyasi ndipo aanze kucheza kandanda. Alisokota makaratasi na mifuko, akafunga kamba, akaweka mawe mawili kuwa goli, na hapo ndipo wachezaji wengi wakubwa wa kanda hii walipoanzia. Wapenzi wa ndege za mfano wanasahau kuwapa watoto mpira wao wa makaratasi, kisha wanashangaa kwamba ligi yao haina wachezaji.

Basi tuseme hasa kinachohitajika siku ya kwanza, kwa sababu mipango mingi hufia hapa. Chukua karatasi ya manila, au vile visahani vyeupe vya povu vinavyofungiwa chipsi (palipopigwa marufuku, manila inatosha). Kata bawa moja lenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 7 na nusu, mkia wa sentimita 12 kwa 4, na kipande cha kusimama nyuma cha sentimita 5 kwa 5. Kiwiliwili ni kijiti cha mshikaki, au cha mwanzi uliochongwa, chenye urefu wa sentimita 30. Bawa likunjwe katikati ili ncha zake zote mbili ziwe juu kwa sentimita 3 hivi kuliko katikati, maana hapo ndipo kindege kinapopata uwezo wa kujiweka sawa kikiyumba. Ukingo wa mbele wa bawa ukae sentimita 7 kutoka puani, na chini yake ubandikwe kipande cha njiti ya kiberiti ili bawa liinuke kidogo kwa mbele. Puani weka donge la udongo wa kufinyangia, ukiongeza na kupunguza mpaka kindege kitulie sawasawa kinapobebwa kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kwenye theluthi ya kwanza ya upana wake kutoka mbele. Gundi iwe ile nyeupe ya maseremala. Supagluu ni nzuri kwa kijiti na manila, lakini inayeyusha povu, na mtoto aliyeona bawa lake likiliwa na gundi saa ya kwanza huenda asirudi saa ya pili. Manila moja hutoa mabawa ya watoto wengi, kwa hiyo gharama ya kila mmoja haifiki nauli ya daladala ya kwenda na kurudi.

Kurusha kuna adabu yake, na ndiyo sehemu ambayo watu wazima huiharakisha. Ukanda wa pwani, chagua asubuhi kabla ya saa tatu, upepo wa bahari haujaamka. Bara, chagua uwanja uliokingwa na majengo au miti, au ukumbi wa shule mvua zinaponyesha. Kindege kisukumwe kwa upole kutoka usawa wa bega, pua ikielekea mbele na chini kidogo sana, kana kwamba mrushaji anakiweka juu ya hewa. Watoto wote, bila ubaguzi, mara ya kwanza hukitupa kwa nguvu kama jiwe, nacho hupanda, husimama, kisha hudondoka. Waache waone. Kikipanda na kusimama, ongeza uzito puani kidogo. Kikizama moja kwa moja, punguza uzito huo au kunja ukingo wa nyuma wa mkia kuelekea juu, upana wa karatasi chache tu. Kikielekea upande mmoja, angalia kama bawa limejikunja, kisha urekebishe kile kipande cha kusimama. Kanuni ambayo mwalimu hapaswi kuilegeza ni ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayesogeza udongo, akakunja mkia na kunyoosha bawa kwa pamoja hatajua kilichomsaidia, na ushindi wake utakuwa bahati. Kanuni hiyo ndiyo moyo wa sayansi yote ya majaribio, na hapa mtoto anaifuata kwa hiari kwa sababu anataka kindege chake kimpite cha jirani yake.

Mwalimu au mzazi naye ana adabu ya kujifunza, na kwa wengi ni ngumu kuliko ya kurusha. Asishike kindege cha mtoto. Anaweza kuwa na kindege chake mwenyewe pembeni, akakirekebisha kwa sauti ili wanaotaka wasikie, lakini kile cha mtoto kikianguka mara ishirini kiokotwe mara ishirini na mwenyewe. Kindege kilichonyooshwa na mkubwa kitaruka vizuri zaidi, na kitamwachia mtoto ujumbe kwamba kuruka ni kazi ya wakubwa. Hapa ninaona chanzo kikubwa cha uhaba wa vijana katika klabu zile za zamani. Kadiri vifaa vilivyokuwa ghali na dhaifu, ndivyo wakubwa walivyozidi kuvilinda, na kadiri walivyovilinda ndivyo nafasi ya mtoto kuvunja kitu ilivyopotea. Pasipo ruhusa ya kuvunja, mtoto ni mgeni tu. Hili linawahusu zaidi wasichana, ambao katika shule zetu nyingi huachiwa kazi ya kuandika matokeo wakati wavulana wanashika kisu na gundi. Kila mmoja awe na kindege chake chenye jina lake ubavuni. Kundi la watoto watano kwa kindege kimoja huzaa mrushaji mmoja na watazamaji wanne.

Pingamizi la kwanza, na linalotolewa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba mtoto wa leo ana simu mkononi na ameona droni zikipiga picha za harusi. Manila na udongo havitamvutia. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na dharau kwa simu haitalijibu. Lakini tazama kilichotokea Marekani humohumo klabu zilimozeeka. Katika jimbo la Ohio, kikundi cha Flite Test kilianza kutengeneza video za kuchangamsha na kugawa bure michoro ya ndege zinazokatwa kwenye mbao laini za karatasi na povu, zile zinazouzwa kwa bei ndogo madukani kwa kazi za sanaa za shule, na kuunganishwa kwa gundi ya moto. Kikapata wafuasi wengi sana duniani, vijana wakiwa wengi kati yao, na walimu wakaanza kuyatumia mafunzo yake darasani. Skrini ndiyo iliyowaleta, nacho kilichowabakiza ni kisu, gundi na ndege ya bei ndogo isiyoumiza moyo inapovunjika. Kwa hiyo simu na itumike: irekodi mruko polepole ili mtoto aone bawa lilipopinda, ipime sekunde, impelekee binamu yake Mombasa ushindi wake. Kuhusu droni ya propela nne, yafaa kumweleza kijana ukweli wake. Kompyuta iliyo ndani yake ndiyo inayoituliza hewani, ikisahihisha mwendo wa mota mara nyingi kwa kila sekunde, na ndiyo maana anayeinunua leo anaweza kuirusha leo. Ni chombo kizuri cha kazi. Kwa kujifunza kwa nini kitu huruka, kinaficha karibu kila kinachotakiwa kuonekana.

Wapo wanaosema vinginevyo: kama lengo ni rimoti, mpeleke kijana moja kwa moja kwenye programu ya kuigiza urushaji katika kompyuta, kisha umpe rimoti iliyounganishwa na ya mwalimu, ambayo mwalimu hurudisha usukani kwake pindi hatari inapotokea. Njia hiyo ni nzuri, na kwa hatua ya rimoti sina pingamizi nayo. Saa chache za kuigiza huokoa ndege nyingi. Lakini njia hiyo inamfundisha aliyekwisha kuamua kuingia. Suala letu ni yule ambaye bado hajaamua, na kwake kompyuta ya shule yenye foleni ya watoto arobaini ni mlango mwembamba kuliko karatasi. Isitoshe, aliyewahi kusawazisha kindege cha manila anajua sababu ya ndege ya rimoti kuinua pua na kudondoka baada ya betri kusogezwa nyuma. Aliyeanzia kwenye skrini atadhani rimoti imeharibika.

Pingamizi la pili hutoka kwa wazazi, nalo ni zito kwa kuwa linatokana na upendo: mitihani iko karibu, ada imelipwa kwa jasho, na mtoto anakata makaratasi. Jibu la haraka ni kuonyesha ajira. Rwanda, tangu mwaka 2016, kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zenye mabawa, zinazorushwa kwa mtambo na kuachia mzigo kwa mwavuli mdogo. Kazi ya kuziandaa, kuzikagua na kuzirusha hufanywa na vijana wa nchi hiyo. Zanzibar nayo ilipigwa picha kutoka angani kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya ramani za ardhi, kwa droni nyepesi za mabawa ya povu zinazorushwa kwa mkono, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kuzitumia. Mabawa ya povu, kurusha kwa mkono, kitovu cha uzito kilichokaa mahali pake: mtoto wa kindege cha manila angevitambua vyote. Mifano hii ni ya kweli na mzazi anastahili kuisikia. Hata hivyo ningemwomba mwalimu asiitumie kwa mtoto. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi kwamba anarusha kindege ili apate kazi mwaka wake wa ishirini na tano, umeugeuza mchezo kuwa somo jingine, na masomo anayo ya kutosha. Mwache acheze. Mzazi aambiwe jambo la karibu zaidi, kwamba saa mbili za Jumamosi hazivunji ratiba ya mtihani, na kwamba vipimo, pembe, uwiano na wastani, mambo yanayowasumbua wengi darasani, hapa yanashikika kwa mkono.

Baada ya wiki chache kindege cha kwanza hakitatosha, na hapo ndipo klabu nyingi za shule hufa, kwa sababu mwalimu alikuwa na hatua moja tu mfukoni. Hatua ya pili iwe ya muda wa kukaa hewani. Mjapani Takuo Toda aliwahi kuiweka angani ndege ya karatasi moja iliyokunjwa kwa sekunde 29.2, na kijana aliyezoea sekunde nne akisikia hivyo ataanza kuuliza maswali kuhusu umbo la bawa ambayo huenda mwalimu hana majibu yake. Vizuri, watafute pamoja. Hatua ya tatu ni raba. Propela ya plastiki au ya mbao laini, waya wa klipu uliokunjwa na raba ndefu iliyopakwa sabuni ya maji kidogo vinatosha kuirudisha hewani kazi ile ya Pénaud. Wanaobobea katika fani hii huko duniani hurusha ndani ya kumbi kubwa ndege za raba zisizofika uzito wa gramu 2, na ndege hizo hukaa hewani zaidi ya nusu saa zikizunguka polepole. Balsa hatuna kwa wingi, lakini tuna mianzi, matete na chelewa za minazi, na kuitafuta fimbo nyepesi isiyopinda ni sehemu ya mchezo yenyewe. Watoto wa pwani waliozoea kuunda tiara wanalijua hilo tayari, na wana haraka ya kuelewa kuliko wenzao, kwa hiyo mwalimu mwenye busara atawapa nafasi ya kufundisha.

Rimoti ije hatua ya nne, na ije na sheria mkononi. Ndege ya kwanza iwe ya bawa la juu, ya povu, nzito kiasi cha kuhimili upepo mdogo na nyepesi kiasi cha kutomwumiza mtu, na iwe mali ya klabu, maana seti yenye rimoti, betri na chaja hugharimu laki kadhaa za shilingi za Tanzania na hakuna haja ya kila nyumba kuibeba. Betri za lithiamu zisichajiwe bila mtu kuwapo, na iliyovimba isichajiwe kamwe. Kabla ya kununua chochote, ulizia ruhusa. Tanzania, vyombo vya angani vya rimoti huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na cha wizara inayohusika na ulinzi. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 zinazosimamiwa na mamlaka yake ya anga, na Uganda na Rwanda nazo zina mamlaka zao. Hata Marekani, ndege ya burudani inayozidi gramu 250 lazima isajiliwe. Baadhi ya wapenzi wa mchezo huona sheria hizi kuwa ndizo zinazofukuza vijana. Zinaudhi, na pengine nyingine zingeweza kulegezwa kwa klabu za shule zenye uwanja maalumu. Lakini ndege yenye propela ikianguka sokoni, au ikiingia njia ya helikopta ya wagonjwa, mchezo utafungwa kwa wote. Na ugumu huu wa kisheria ni sababu nyingine ya kuanza na manila, kwa kuwa kindege kisicho na mota wala rimoti hakimlazimishi mwalimu kupanga foleni ya vibali ndipo watoto waanze.

Yamebaki mambo ya uendeshaji, ambayo nitayapitia upesi. Siku na saa zisibadilike. Kikundi kinachokutana kila Jumamosi ya pili kwa mwaka mzima hushinda kile kilichoanza kwa kishindo na bendera. Mashindano yawe madogo na ya mara kwa mara, na tuzo zisiende kwa aliyekaa hewani muda mrefu pekee. Aliyeboresha sekunde zake kuliko wengine, au aliyekikarabati kindege kilichovunjika vipande vitatu, naye atambuliwe. Wale wa miaka kumi na minne wapewe jukumu la kuwafundisha wa miaka tisa, kwa maana kijana wa umri huo huacha michezo mingi anapohisi ni ya watoto, na anayeaminiwa kufundisha hahisi hivyo. Nchi za Umoja wa Kisovyeti zilikuwa na vikundi vya ndege za mfano katika nyumba za vijana, vya bure, vyenye mwalimu wa kudumu na meza zenye vifaa, na hata baada ya dola hiyo kusambaratika nchi kama Ukraine bado huheshimika katika mashindano ya dunia ya ndege zinazoruka bila rimoti. Hatuna haja ya kuiga siasa zao ili kuona kwamba meza isiyohama na mwalimu asiyebadilika vilifanya kazi. Wazee wenye ndege kubwa za rimoti wana nafasi yao pia. Waje mara moja kwa muhula, warushe watoto wakiwa wameshaunda vyao, na waulizwe maswali na watu wanaojua wanachouliza. Onyesho lilelile linalowachosha watazamaji huwasisimua wajenzi.

Kwa hiyo, ewe mwalimu au mzazi unayetaka vijana katika mchezo huu, usianze kwa kuchangisha fedha za ndege ya rimoti. Nunua manila mbili, pakiti moja ya vijiti vya mishikaki, gundi nyeupe, udongo wa kufinyangia na kiberiti. Waite watoto kumi, wasichana na wavulana, saa moja na nusu asubuhi uwanjani. Wape vipimo, wape mikasi, na ujiweke pembeni.